Kosa la Leo Liko Wapi?

Siku hiyo Mama Vifungo aliamka alfajiri kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, fundi cherehani wa hoteli, na leo alikuwa anakwenda benki kufungua akaunti yake mwenyewe. Kwa Kiingereza, lugha ya fomu na makarani wa benki ile. Bila mtu wa kumsemea.

Kwa miaka minane mshahara wake ulipitia akaunti ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji hakuwa mtu mbaya, hakuwahi kudokoa hata senti. Tatizo ni kwamba mshahara ulipoingia, simu iliyolia ilikuwa ya shemeji, naye hakuwa na kifua cha kuficha jambo.

"Shemeji, hela zako zimeingia!" alikuwa akitangaza mbele ya wageni, tonge bado li mkononi. "Mwezi huu wamekukata kidogo, pole!"

Hata mtoto wa jirani alijua mshahara wake kabla yake. Mama Vifungo alitaka, walau mara moja kabla hajaota mvi kichwa kizima, awe wa kwanza kujua. Na msimamizi wa hoteli alikuwa amempa hadi saa kumi jioni ya leo kupeleka namba ya akaunti. Akichelewa, mshahara ungeendelea kwenda kulekule hadi mwakani.

Aliyemtia moyo alikuwa Mwalimu, binti mwembamba aliyemaliza chuo juzijuzi tu, ambaye kila jioni alifundisha watu wazima Kiingereza katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Hakuwaimbisha alfabeti. Aliweka meza katikati, akaegemeza juu yake kioo cha dirisha bovu, akakaa nyuma yake na kujifanya karani wa benki. Na kila mara alificha kosa moja: chenji pungufu, sifuri iliyozidi, tarehe ya mwaka jana. Anayeliona alipaswa kusema kwa Kiingereza, bila kunong'ona, "Samahani, hebu tuangalie tena." Darasa zima lilikuwa likipiga meza na kuuliza, "Kosa la leo liko wapi?"

Sasa walisimama mlangoni mwa benki ya kweli: Mama Vifungo, Mwalimu, na dereva wa gari la taka, mwanafunzi mwenzake waliyemwita Breki kwa jinsi alivyosimama ghafla katikati ya kila sentensi.

"Mama, mimi naishia hapa," alisema Mwalimu. Macho yake yalikuwa yanang'aa utadhani akaunti ni yake.

"Nikikwama je?"

"Utakwama, halafu utajikwamua."

"Mimi nitakuombea," alisema Breki. "Kwa Kiswahili lakini. Kwa Kiingereza nitachelewa."

Mama Vifungo aliingia akicheka, na kicheko kikamfikisha hadi dirishani. Karani, kijana mwenye tai iliyokaza, alipokea fomu aliyoijaza nyumbani, akachapa, akahesabu noti alizoleta za kuanzia akaunti, kisha akamsogezea karatasi. "Weka saini hapa."

Mama Vifungo hakugusa kalamu. Kosa la leo liko wapi?

"Samahani, hebu tuangalie tena," alisema kwa Kiingereza, kila neno likitoka zima.

Karani akahesabu tena. Noti zilikuwa kamili. Mama Vifungo akaomba tena. Zikawa kamili tena. Nyuma ya Mama Vifungo, kwenye foleni, mtu alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Mama, na sisi tuna kazi," sauti ilisema.

Ndipo Mama Vifungo alipotambua: huyu si Mwalimu. Hapa hakuna aliyemfichia kosa lolote. Aibu ikampanda hadi masikioni, akashika kalamu asaini akimbie.

Lakini mkono ulikataa. Maisha yake yote hakuwahi kuachia nguo bila kuigeuza ndani nje na kupitisha kidole kwenye mshono. Basi akapitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Jina, sawa. Kazi, sawa. Namba ya simu...

Kidole kikasimama. Ilikuwa namba ya shemeji.

Karani hakukosea. Mama Vifungo alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwa mazoea ya miaka minane.

"Pesa zikiingia, ujumbe unakwenda kwenye namba hii?" aliuliza.

"Ndiyo, kila zinapoingia."

"Samahani, hebu tuangalie tena."

Karani alishusha pumzi, akarudi kwenye noti. "Mama, nimehesabu mara tatu."

"Wewe hujakosea. Nimekosea mimi. Hii ni namba ya shemeji yangu. Sasa andika yangu."

Akamtajia tarakimu moja moja, polepole, bila kuruka hata moja, kama anayesoma futi kiunoni mwa mteja. Karani akaandika, na midomo yake ikaanza kutabasamu kabla hajamaliza. Akatoa karatasi mpya. Kidole kikapita tena, juu hadi chini. Kisha Mama Vifungo akasaini.

Dakika moja baadaye, ndani ya mkoba, katikati ya nyuzi na vifungo, simu ililia: ujumbe wa benki, pesa za kuanzia zimeingia. Simu yake.

Alitoka nje mbio mbio, namba ya akaunti mkononi. Ilikuwa saa nane na robo, na hoteli ilikuwa mtaa wa pili tu.

"Kosa la leo lilikuwa wapi?" Mwalimu aliuliza, akirukaruka pale pale.

"Kwangu! Lilikuwa kwangu mwenyewe, mwanangu, na nimeliona!"

Wakakumbatiana hadi mkoba ukaanguka. Breki akauokota, akachungulia simu iliyokuwa inawaka.

"Zimeingia ngapi, Mama?"

Mama Vifungo akampokonya mkoba, akafunga zipu hadi mwisho.

"Hayakuhusu," alimjibu, kwa Kiingereza safi, akakaza mwendo kuelekea hotelini.