Taarifa Rasmi Kuhusu Manyoya ya Shingoni

Itambulike kwa wote watakaosoma kwamba hii ni taarifa rasmi, kamili na isiyopendelea upande wowote, kuhusu manyoya yaliyoota katika shule yetu ya bweni majira ya kuchipua yaliyopita, na kwamba imeandikwa na mwanafunzi aliyeteuliwa kwa usafi wake. Usafi huo ulikuwa wa shingo tu. Juma lenyewe la uteuzi mwandishi alikuwa akimenya viazi, adhabu ya kuficha samaki wa chumvi ndani ya piano.

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya wimbo wa pamoja, mwalimu mkuu Gregers hutupa somo la maisha kutoka kwa mnyama. Tausi alikwisha kutufundisha kujiamini, kinyonga akatufundisha kuishi na watu. Jumatatu ya kwanza ya Mei alituonyesha picha ya brushane, ndege wa kinamasi kilicho nyuma ya shule. Dume lake, wakati wa kutafuta jike, huota ukosi mkubwa wa manyoya, kisha husimama uwanjani ajionyeshe.

"Mtazameni," alisema Gregers. "Hajifichi huyu. Kilicho ndani yake anakivaa nje. Nendeni mkafanye vivyo hivyo."

Jumanne asubuhi wavulana kumi na watano waliamka na ukosi. Wa wanne ulikuwa mweusi, wa kumi na mmoja mweupe. Matroni alipasua shingo za sweta kwa mkasi. Nesi aligawa poda ya kutuliza mwasho na kuandika majina. Mpishi Tove peke yake ndiye aliyelalamika.

"Wee Asger, funika hilo pazia lako! Unaupukutishia uji wangu."

"Si protini hiyo, Tove?"

"Protini ni wewe, siku nikikuchinja."

Hakuna aliyeuliza kwa nini hao na si wengine. Wenye ukosi mweusi, Asger akiwa wa kwanza, ndio waliomtuma Villads, mwanafunzi mgeni, matopeni mwezi wa Aprili. Wenye mweupe ndio waliosimama juu ya tuta la kuzuia bahari, mikono mfukoni, wakimtazama akienda.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko piano. Mwanafunzi mgeni huvuka matope ya bahari maji yakiwa yamekupwa, akifuata fito zilizochomekwa kuonyesha njia ya kisiwani. Akifika ufito wa kumi na mbili hufunga skafu yake pale, akarudi kabla maji hayajajaa. Sheria ya shule inakataza jambo hilo, na hufanyika kila mwaka siku ya mkutano wa walimu. Villads alihamia kwetu baada ya Krismasi, kwa hiyo zamu yake ilichelewa. Siku yake ukungu ulishuka. Walimpata baada ya siku mbili, kusini ya njia, ndani ya mkondo wenye kina. Kwenye ufito wa kumi na mbili hapakuwa na skafu, na wavulana wakasema hata nusu ya njia hakufika.

Jumatano Gregers naye aliota ukosi, wa rangi ya kutu, mkubwa kuliko yote. Alisema umemkaa vizuri. Alikuwa amewaambia polisi kwamba hajawahi kuisikia desturi hiyo. Barua mbili za wazazi kuihusu zilikuwa kwenye droo yake ya chini. Mwandishi anajua kilichomo kwenye droo hiyo kwa sababu zisizohusiana na taarifa hii.

Alhamisi saa nane mchana alikuja Birthe, mama yake Villads, amebeba buti za mwanawe ndani ya mfuko wa dukani. Ofisini palikuwa na kahawa, keki ya tufaha, askari mmoja wa kutoka mjini, Gregers, Asger kwa niaba ya wenzake, na mwandishi aliyeitwa asome taarifa ya shule kuhusu kifo hicho. Nje ya dirisha wale wavulana wengine walikuwa wakirusha mpira.

Taarifa ilisema Villads aliingia matopeni bila ruhusa, akapotea njia.

"Hakupotea," alisema Birthe. "Baba yake alipeleka barua kisiwani kwa njia hiyo miaka ishirini. Mtoto alijua kuhesabu fito kabla ya kujua kusoma. Sitaki mtu afungwe. Nataka mtu aniambie njia ilikuwa na nini. Nani alimtuma Villads?"

Kwa jina hilo ukosi wa Asger ulisimama wote, na wa Gregers, na kosi za wale wa nje pia, kwa mlio kama wa shuka linalokung'utwa. Mpira ulianguka, ukadunda peke yake.

Birthe alimgeukia askari. "Umeona?"

"Nimeona," alisema askari. "Ila manyoya si ushahidi, Birthe. Sheria haina kifungu cha manyoya."

"Ni msimu tu," alisema Gregers akimkatia keki. "Mwezi wa saba yatakuwa yamepukutika."

Birthe hakuigusa keki. Alikuwa akimtazama mwandishi.

"Na huyu?"

"Huyu ni Malthe," alisema Gregers. "Shingo yake safi, ndiyo maana ameandika yeye."

"Mtakatifu Malthe," alinong'ona Asger. "Tuombee."

"Mume wangu aliwahesabu ndege hawa akipeleka barua," alisema Birthe. "Kuna weusi, kuna weupe, na kuna wachache wasioota kitu. Dume kamili, lakini ukimwona utasema jike. Wenzake wakijionyesha, yeye anapita katikati yao afanye lake. Hakuna anayemwangalia." Alisogeza kikombe pembeni. "Hebu njoo hapa kwenye mwanga, mwanangu."

Hapa neno "mwandishi" halinisaidii tena. Ni mimi.

Sikuwa kwenye tuta siku ile. Hilo ni kweli, na nimelisema mara nyingi. Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, niling'oa ufito wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili, nikazichomeka hatua mia kusini, karibu na mkondo. Nilitaka arudi na tope hadi kiunoni, tucheke. Ukungu sikuuagiza. Kesho yake, watu wakimtafuta upande wa kaskazini, nilizirudisha mahali pake. Ufito wa mwisho ulikuwa na skafu.

Nilimwambia hayo kwa mpangilio huu. Kisha nilikwenda bwenini, nikaitoa chini ya godoro, nikamletea. Fundo lilikuwa bado lipo, kwa kuwa nilishindwa kulifungua nikaikata.

Birthe alilitazama fundo muda mrefu.

"La baba yake hili," alisema. "Basi alifika."

"Alifika."

"Basi hakupotea."

Nilingoja anipige. Aliiweka skafu ndani ya buti moja, akakunja mdomo wa mfuko, akaondoka.

Gregers alisafisha koo. "Vijana wakifiwa hubuni mambo," alisema. Askari alifunga daftari, akamalizia keki yake. Taarifa iliyotiwa saini mchana ule inasema Villads alipotea njia. Saini ya tatu ni yangu.

Mwezi wa saba manyoya yalipukutika, Tove akajaza mito tisa. Mmoja nalalia mimi. Agosti wamekuja wanafunzi wageni kumi na wawili, na Asger amechaguliwa kuwapokea. Asubuhi napanda kwenye tuta kuhesabu fito. Ziko kumi na mbili, zimenyooka. Kisha napapasa shingo kwa vidole vyote, mbele na nyuma, na hakuna kitu.