Neno la Mia Tatu na Kumi na Mbili

Nidelvia Canul alikuwa na maneno mia tatu na kumi na moja ya Kiingereza, na yote yalikuwa yamelowa. Daftari lake lilikaa ukutani juu ya sinki la hoteli ya Bi Mirza, mjini Izamal, kati ya sabuni na brashi, na kila sufuria aliyoisugua iliondoka na neno lake. Kijiko. Uma. Chumvi. Maji ya moto, maji baridi. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameosha vyombo vya watu ambao hakupata kuwaona. Chakula kilitoka jikoni kikifuka moshi, sahani zikarudi tupu, na katikati ya safari hiyo palikuwa na mlango wa kusukuma ambao yeye, na buti zake za mpira, hakuruhusiwa kuupita.

Hicho ndicho alichokitaka: kuupita ule mlango, amwone mtu akila.

Nafasi ilipatikana Februari, mhudumu wa mezani alipohamia Cancún. Bi Mirza, mwenye hoteli, aliyezoea kumpima kila mtu kwa jicho moja huku lingine amelifumba, alimwambia atamjaribu Jumapili, mlo wa mchana. Sharti lilikuwa moja. Mbele ya wageni asitamke neno hata moja la Kihispania, kwa sababu yule aliyeondoka alikuwa akiwajibu Kihispania mpaka wakaona haya kuagiza.

"Likikuponyoka moja tu," Bi Mirza alisema, "sinki lako unajua lilipo."

Jumamosi asubuhi Nidelvia alikwenda darasani, katika ukumbi wa manispaa. Mwalimu Fermín alikuwa tarishi mstaafu ambaye ujanani alichuma machungwa Florida miaka tisa, na Kiingereza chake chote alikitoa shambani. Nidelvia akamwomba neno moja la mwisho. Alitaka lile la kumwambia mtu anayekula.

Mjini kwao, ukipita karibu na mtu aliye mezani, uwe unamjua au humjui, unamwambia provecho: chakula kikufae, kikae vyema mwilini mwako. Unalisema ukiingia mkahawani, unalisema ukitoka, meza kwa meza. Asiyelisema hakulelewa; alikua tu.

Mwalimu Fermín alikuna shingo. "Wenyewe hawana," alisema.

"Hawana vipi, Mwalimu?"

"Hawana. Mtu anakula, wewe unapita. Basi."

Darasa likamtazama kama aliyeleta habari ya msiba. Mwalimu, kwa huruma, akaongeza kwamba baadhi yao wakitaka kuonyesha adabu huazima neno la Wafaransa. Hapo Abundio, mwendesha gari la farasi, aliyekaa nyuma ya Nidelvia ili apate kunakili, akashindwa kujizuia.

"Watu wamefika mwezini, kumbe neno la mezani wanaomba kwa jirani kama chumvi?"

Kicheko kilichozuka kikawashtua njiwa wa darini. Abundio akamshauri Nidelvia asihangaike: aweke sahani, atoe meno, aondoke, na wakizidi kumtazama awapigie mluzi kama anavyompigia farasi wake. Nidelvia akamjibu kwamba katika gari lile, farasi ndiye mwenye adabu.

Lakini hakuwa anacheka moyoni. Aliandika nambari mia tatu na kumi na mbili, na mbele yake hakuandika kitu.

Jumapili alivaa viatu vyeupe vya dada yake, akausukuma mlango kwa bega, akauona ukumbi. Kwenye meza ya dirishani walikaa mume na mke, wageni wa jana: bwana mrefu mwenye pua iliyoiva kwa jua, na bibi mwenye mvi zilizokatwa fupi. Maneno yakamjia kama kuku walioitiwa mtama. Akawauliza wanakunywa nini, akawaletea barafu, akawaeleza kwamba supu ni ya kuku na ndimu na kwamba pilipili ile ya kijani si rafiki wa mtu. Bi Mirza, pale kaunta, alikuwa akisikiliza. Hakumkatiza, na kwa Bi Mirza hiyo ilikuwa sifa.

Kisha akaweka mabakuli mezani, na miguu ikakataa kuondoka.

Kumwekea mtu chakula na kumpa mgongo kimya kimya! Kwao mbwa ndiye aliyehudumiwa hivyo. Alisimama. Wageni wakamtazama. Bwana akadhani ameshika kijiko kisichofaa, akakibadilisha. Bibi akainama kuchungulia ndani ya supu, isije ikawa imeingiwa na mdudu. Nidelvia alipekua maneno yake mia tatu na kumi na moja, kuanzia kijiko mpaka dari, asipate hata moja la kumfaa.

"Moto," alisema mwishowe, akaondoka akitembea kama mtu aliyeficha cha wenyewe.

Alikuwa ameshawapelekea panucho, vile vichapati vya mahindi vilivyoshindiliwa maharage, Don Eligio alipoingia. Alikuwa mfamasia mstaafu, na Jumapili zote alikula pale. Kama ada yake, alivua kofia, akapita meza kwa meza, na alipofika dirishani akainamisha kichwa kidogo na kusema kwa sauti ya upole, "Provecho."

Yule bwana alibaki na panucho hewani. Alimtazama mzee, akaitazama kofia mkononi, akatazama kichwa kilichoinama. Uso wake ukajaa huruma. Akaisukuma sahani yake kuelekea kwa Don Eligio, akamvutia na kiti.

Don Eligio akawa mwekundu mpaka masikioni. Mwenye nyumba mbili, aliyewapa dawa nusu ya mji, anatengewa chakula cha mtu kama ombaomba! Kukataa ni ufidhuli, kukaa ni aibu. Akaganda pale na kofia yake. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Bi Mirza akafumbua macho yote mawili.

Nidelvia akaenda. Hakukimbia, ila viatu vya dada vilimruhusu tu kuharakisha.

"Bwana huyu hataki chakula chenu," alisema kwa Kiingereza, akilishika kila neno kama yai. "Ana chakula. Ana nyumba." Akavuta pumzi. "Anataka chakula chenu kiwapende."

Bibi yule akaweka uma chini, mkono kifuani. Mumewe akairudisha sahani polepole, pua imezidi kuiva.

"Alisema neno gani?" bibi aliuliza. "Nataka kumrudishia."

Nidelvia akatazama kaunta, kisha mlango wa jikoni. Angeweza kusema hajui. Sijui lilikuwa neno lake la nne daftarini. Angeweza kuwafundisha asante, mambo yakaisha. Lakini mzee alikuwa bado amesimama, na mgeni alikuwa anaomba adabu kwa mikono miwili. Nani amnyime?

"Provecho," alisema, akiligawa vipande vitatu.

Wakalirudia, bibi vizuri, bwana vibaya mno. Don Eligio akaibana kofia kifuani, akawashukuru, akaenda mezani kwake akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

Walipomaliza, wale wawili hawakutoka hivi hivi. Walipita meza kwa meza kama maaskofu, wakimtakia kila mtu, na kila meza ikaitikia kwa vicheko. Bwana alimtakia hata paka aliyekuwa akitafuna mfupa mlangoni. Nidelvia alisimama na sinia tupu, akizitazama nyuso zile zote, hata akasahau kwamba ameshindwa.

Alikumbuka alipomkuta Bi Mirza akila chakula chake, ukumbi umeshakuwa mtupu.

"Provecho, Bi Mirza," alisema akipita.

"Unakwenda wapi?"

"Kuvaa buti zangu. Neno lilinitoka."

Bi Mirza alitafuna taratibu, akameza. "Ziache buti, atazivaa atakayekuja. Kesho uje na viatu vyako. Hivyo vya dada yako vinakutembeza kama bata."

Nidelvia alichukua daftari lake kutoka juu ya sinki. Kwenye nambari mia tatu na kumi na mbili akaandika provecho, na upande wa Kiingereza, palipokuwa patupu, akaandika: wageni wawili wanalo.