Kapasita ya Mama Kimya

Amplifaya ya ukumbi wa mtaa ilikuwa ikinguruma kama mtu mwenye mafua, ndipo mlinzi wa ukumbi akaibeba begani akaipeleka kwa fundi, mwanamke wa makamo aliyetengeneza vyombo vya zamani ambavyo mafundi wenzake walivikataa.

"Mwenyekiti ana mkutano Jumamosi," mlinzi alisema. "Hataki ngurumo. Anataka isikike sauti yake tu."

Fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi. Hakuhitaji kutafuta sana. Kapasita, vile vikopo vya bati vinavyopokea umeme, kuutunza kidogo na kuuachia, zilikuwa zimezeeka. Baadhi zilikuwa zimevimba utosini na kutoa utomvu wa kahawia miguuni. Moja ilionekana nzima kabisa, ila alipoipima akakuta imekauka. Za namna hiyo ndizo hudanganya watu. Na ile kubwa ya pembeni ilikuwa na joto, kama shavu la mtoto aliyelala.

"Hii ina kitu," alisema.

"Umeme?"

"Umeme haukai miaka yote hiyo."

Hakuwa na desturi ya kugusa kapasita kabla ya kuikamua. Aliunganisha miguu ya kikopo hicho kwa rezista, kijiti cha kupunguza kasi ya umeme, akasubiri cheche. Cheche haikutoka. Ilitoka sauti ya mwanamke kijana, ikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Ndugu mwenyekiti," sauti ilisema, "mimi sikubali. Nyumba hizi tumezijenga kwa mikono yetu. Kama mnataka uwanja wa malori, ng'ambo ya barabara kuna eneo tupu. Mnaliruka kwa sababu ni la shemeji yako."

Mlinzi alivua kofia. "Huyo si mama yako?"

"Ndiye."

Mtaa mzima uliijua habari ya kikao kile cha miaka mingi nyuma. Mama alisimama mbele ya kipaza sauti cha amplifaya hiyohiyo, midomo ikacheza, na hakuna aliyesikia hata neno. Mwenyekiti alingoja kwa adabu, kisha akasema anayenyamaza amekubali. Nyumba zikabomolewa. Tangu hapo akaitwa Mama Kimya, na waliokosa pa kukaa walimpita njiani bila salamu. "Nilisema," alikuwa akimwambia binti yake. Binti alikuwa akimwitikia tu, yaishe.

Sasa fundi alienda kumwita. Mama alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaiomba sauti irudie. Ikarudia.

"Jamani, nilikuwa na sauti!" alisema. "Na hapo pa shemeji, nilishasahau kama nilithubutu."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Maliza kazi, mwanangu. Mwenye chombo anakisubiri."

Fundi akafunga kapasita mpya, za ukubwa uleule na volti zisizopungua za zamani, mguu wa hasi mahali pa hasi, maana kapasita ikigeuzwa hulipuka. Kisha, kwa kutaka kujua maneno hukaa wapi, akakipasua kile kikopo cha zamani. Ndani mlikuwa na utepe wa karatasi na wa bati, umeviringwa kama mkeka. Aliukunjua wote mezani, mama akiinamia naye. Hawakuona kitu.

Jumamosi sauti, iliyokuwa imeshatoka kikoponi, ilifuatana nao ukumbini. Ilipopewa nafasi ilisema yake yote, bila kutetemeka. Mwenyekiti, ambaye alikuwa yuleyule, mwenye mvi sasa, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Jirani mmoja mzee alisogea akamshika mama mkono, asiuachie.

"Hoja nzuri," mwenyekiti alisema, na amplifaya ikaitoa safi, bila ngurumo. "Ila kikao kile kilishafungwa. Tuendelee na suala la taka."

Wakaendelea na suala la taka.

Sauti haikuwa na kikopo cha kurudia, wala mama hakuona vyema kuimeza uzeeni. Ilienda yenyewe kukaa kule ilikokuwa nyumba yao, katikati ya malori. Kila asubuhi hutoa pingamizi lake upya. Madereva wameizoea. Huzima injini, huisikiliza mpaka mwisho, husema, "Tumekusikia, mama," kisha huwasha na kurudi nyuma taratibu, mmoja akimwelekeza mwenzake kwa mkono, mpaka pale lilipokuwa jiko.