Breki Zilizoombewa

Asubuhi ya safari, Ciakuthii alipakia sufuria ya githeri nyuma ya basi, akakaza kifuniko kwa leso, kisha akatandika gunia kwenye kiti chake. Kila kijana wa kanisa alikuja na gunia la kukalia. Viti vya basi hilo havikuwahi kukauka tangu livutwe kutoka mtoni, na hakuna aliyetaka kufika kwenye mkutano wa vijana huko Nchiru akiwa amelowa nyuma.

Basi lilikuwa mali ya Mzee Kathuri, mwenyekiti wa wazee wa kanisa hapo Runyenjes. Agosti iliyopita lilitumbukia mto Thuci likiwa na vijana wa kwaya. Akafa dereva Mutegi, wakafa na baadhi ya vijana, mmoja wao akiwa Winrose, mtoto wa pekee wa Ciakuthii. Basi likanyooshwa mabati, likapakwa rangi mpya. Mzee Kathuri akaliambia kanisa kwamba Mutegi alikuwa amekesha akitafuna miraa. Watu wakatikisa vichwa, yakaisha. Mke wa Mutegi, Eunice, akatolewa katika chama cha akina mama, na hata sokoni watu wakawa wanampisha kama mwenye upele.

Kabla ya kuondoka, Mzee Kathuri alizunguka basi na chupa ya mafuta ya upako, akapaka gurudumu baada ya gurudumu, midomo ikicheza. Dereva mpya, Murungi, alingoja amalize.

"Mzee, hii breki nikikanyaga inaenda mpaka chini. Inataka fundi."

"Zimeombewa," alisema Mzee Kathuri. "Ama wewe imani yako ni ya kupimiwa na fundi?"

Murungi akapanda. Mtu ana watoto, atafanyaje.

Kwenye daraja la Thuci aliliburuta basi kwa gia mpaka likasimama, na marehemu wakapanda. Vijana walikuwa wameshaanza kubanana ili wapate nafasi.

"Songeni, wenyewe wamefika," alisema mpiga gitaa. "Na msinilowanishie gitaa, jameni."

Mmoja wa marehemu alicheka, maji yakamtoka puani. Mutegi alikuta kiti chake kina mtu, basi akasimama ngazini karibu na dereva, ameshika chuma. Winrose aliketi kando ya mama yake akiwa na sketi ya kwaya na miguu mitupu. Ciakuthii alitoa taulo, akaanza kumfuta nywele. Zilinuka tope.

"Leo utashuka na mimi nyumbani?" aliuliza.

"Itategemea mzee, mama. Siku ile Mutegi alimwambia breki zimekufa. Tulikuwa tumeketi humu humu, sote tukasikia. Mzee akiyasema mbele za watu, tutashuka, kila mtu aende kwao akapumzike. Asiposema, tunarudi majini."

"Na hawa wenzako waliopona? Si nao walisikia?"

Winrose akawatazama wenzake. Wote walikuwa wanaangalia nje, kwenye mashamba ya chai, kana kwamba hawajawahi kuona chai.

Huko Nchiru kwaya iliimba vizuri kuliko mwaka wowote, maana sauti ya pili ilikuwa imetimia. Pale marehemu waliposimama, nyasi ziligeuka tope. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Ciakuthii alijifunga leso kiunoni, akaomba kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Mimi sina mengi. Mzee Kathuri, tuambie Mutegi alikuambia nini kabla ya safari ile."

Mzee Kathuri alimtazama Mutegi, aliyekuwa nyuma akidondoka maji. Mutegi naye alimtazama, bila ubaya wowote, kama mtu anayesubiri kutumwa. Mzee Kathuri akachukua kipaza sauti polepole.

"Wapendwa, tumwombee mama yetu," alisema. "Uchungu wa kufiwa una njia nyingi za kusema."

Wakafumba macho, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani. Ilikuwa mikono ya moto, yenye upendo. Mmoja tu ulikuwa baridi, na Ciakuthii aliushika mpaka maombi yakaisha.

Jioni, basi lilipoanza kuteremkia Thuci, gia ilikataa kuingia. Murungi alikanyaga breki, mguu ukagonga bati.

"Haishiki," alisema.

Mutegi aliinama kutoka ngazini, akaweka mguu wake mtupu juu ya kiatu cha Murungi, wakakanyaga pamoja. Basi lililia, likateleza, likasimama ukingoni mwa daraja. Marehemu wakaanza kushuka. Winrose alimrudishia mama yake taulo.

"Ni ndogo hii, mama. Siku nyingine uje na kubwa."

"Nitakuja nayo," alisema Ciakuthii.

Alimtazama akiteremka kwenye mawe mpaka maji yakamfunika nywele, zile alizokuwa amezikausha. Kisha akatoa taulo dirishani, akaikamua.

Kwenye kiti cha mbele, Mzee Kathuri aliinua chupa juu.

"Mmeona kazi ya mafuta?"

"Amina!" basi zima likaitika.

Murungi naye alisema amina. Mguu wake ulikuwa bado kwenye breki, na kiatu kimejaa maji.