Jogoo Watatu wa Bi Zubeda

Mwaka 1993 sikuwa na paa la karakana. Sikuwa na msumeno wa umeme, wala benchi lisiloyumba, wala kibao cha jina, maana kile cha zamani nilikuwa nimekigeuza mguu wa stuli ya mteja. Tena sikuwa na cheti cha shule ya jioni. Hicho nilikuwa nimekikosa miaka miwili nyuma kwa alama moja, kwa swali moja: sarafu imerushwa mara tano, zote imeonyesha kichwa, je, mara ya sita itaonyesha nini? Nikaandika: mwenge, ule upande wa pili, kwa sababu ndiyo zamu yake. Mwalimu Demetria akachora alama nyekundu ya kosa. Nikampelekea barua ya malalamiko ya kurasa nne. Alinijibu kwa maneno mawili: "Fikiri tena."

Katika hayo yote, lililoninyima usingizi ni paa. Masika yalikuwa yanakaribia, na mbao zangu pale Keko zilikaa kando ya barabara bila hata turubai.

Ndipo Bi Zubeda, mwenye duka la soda, akaniita. Zilikuwa siku za ruksa, kila mtu akileta kitu kipya, na mpwa wake Hija alikuwa ameona katika hoteli moja ya mjini mashine ya bahati. Unavuta mpini, picha zinazunguka, tatu zikifanana umeshinda.

"Wewe fundi Ansbert si umesoma?" akasema. "Nitengenezee ya mbao. Anayenunua soda avute mara moja, akipata picha tatu za namna moja anywe nyingine bure. Isiponiletea ugomvi, kibaraza changu hiki chenye bati weka benchi lako, urande mpaka uchoke. Ikiniletea, ondoka na mbao zako."

Nilichonga magurudumu matatu ya mninga. Kila moja nililichora picha sita: jogoo, nanasi, samaki, kikombe, mwezi na kiatu. Niliazima mizani ya sonara, nikapiga msasa mpaka hakuna upande uliozidi mwingine hata kwa punje ya mchele. Kwa hesabu yangu, soda moja ya bure ingetoka katika kila mara thelathini na sita za kuvuta. Nilikuwa na uhakika kwamba mashine iliyonyooka hivyo ingegawa kwa zamu.

Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, Hija akashinda mara tatu.

"Mashine ya ukoo hii!" alipiga kelele Benson, mlinzi wa ghala la jirani. "Inamjua mtoto wa dada!"

"Bahati tu, braza," Hija akasema, akifungua soda ya tatu kwa meno.

"Bahati gani inalala nyumba moja? Mie nimekunywa mpaka tumbo linacheza kama pipa, sijaona hata samaki wawili!"

Nikaifungua mashine mbele yao, nikapima upya. Haikuwa na kasoro. Nikaumia zaidi kuliko kama ningeiona kasoro.

"Fundi," Bi Zubeda akaninong'oneza, "haki ni kila mtu apate."

Nami nilikubaliana naye. Usiku huo nikachonga gurudumu la nne lenye meno thelathini na sita, nikalificha nyuma. Kila ukivuta, linasogea jino moja. Jino la mwisho likifika, kigingi kinawapanga jogoo watatu mstari mmoja. Asubuhi nikapanda juu ya kreti, nikatangaza kwamba kuanzia sasa mashine inatoa kwa zamu, soda moja kila mara ya thelathini na sita. Nilipigiwa makofi, na Benson akanishika mkono kwa mikono miwili.

Siku ya tatu nikakuta Benson anachora vijiti vya mkaa ukutani. Kibaraza kimejaa watu, hakuna hata mmoja mwenye chupa.

"Imefika ngapi?" kijana mmoja akamuuliza.

"Thelathini na nne."

"Basi vuta wewe."

"Nivute mie nikufagilie njia? Vuta mwenyewe."

"Nyie!" Bi Zubeda akatokea. "Barafu inayeyuka!"

"Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba. Nunueni!"

"Tunangoja namba."

Hata Hija alikuwa amekaa pale, kakunja mikono. Mpaka jua linazama hakuna aliyekubali kuwa wa thelathini na tano.

"Nilitaka duka la soda," Bi Zubeda akaniambia, "wewe umenifungulia foleni ya zahanati. Kesho asubuhi iwe imepona, ama mbao barabarani." Mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Chang'ombe.

Nililing'oa gurudumu la meno. Asubuhi nikapanda kreti tena.

"Nimeliondoa. Sasa mimi sijui nani atashinda, na mashine haijui."

"Hija anaweza kushinda tena?" Benson akauliza.

"Anaweza. Hata mara tatu."

"Na mie niliyekosa siku zote hizi?"

"Mashine haikumbuki kama ulikosa."

Benson akaingiza mkono mfukoni. "Haikumbuki? Basi haina chuki na mie! Bi Zubeda, soda."

Akavuta. Samaki, samaki, kiatu.

"Mmeona? Inakaribia!"

"Haikaribii popote, Benson."

"Nipe nyingine!"

Nyuma yake watu wakaanza kusukumana na pesa mkononi, wakicheka. Bi Zubeda alinipungia kwa kifungulio cha chupa. "Lete benchi, fundi, kabla mvua haijakuwahi."

Ilinyesha alasiri ile ile. Nikiwa chini ya bati, mbao zangu zikiwa kavu, nikatoa karatasi.

"Mwalimu Demetria, shikamoo. Nimefikiri tena, imenichukua miaka miwili na gurudumu moja la meno. Sarafu haina zamu, kwa kuwa haikumbuki. Naomba ile barua yangu ya kurasa nne uichome, nami uniandikishe mtihani wa Novemba."

Bahasha haikuwa na gundi, nikaifunga kwa gundi ya mbao, nikaibana kwenye jiliwa la benchi mpaka ikauka. Mvua ilipopungua nikaenda nayo posta, nikaitumbukiza.