Karatasi ya Mwisho ya Dari

Popo walikuwa wamejaa kwenye kenchi za paa la nyumba ya mama Apolonia pale Ifakara, na kinyesi chao kilidondoka hadi kwenye sufuria ya wali. Ndipo wanawe wawili, Digna na Fridolin, wakaja kumpigia dari ya jipsamu.

Walifanyia kazi uwani. Digna alipima kila karatasi ya jipsamu, ngumu kama ubao, akapitisha kisu kufuata rula. Fridolin akavunja karatasi kwa goti, kisha akakata gamba la nyuma lililobaki limeshikilia. Vumbi jeupe liliwajaa kwenye nywele.

Nyumba hiyo aliijenga baba yao, marehemu Hermenegildi. Kuta za vyumba hazikufika juu, hivyo neno la chumba kimoja lilisikika katika vyote. Kila jioni, akiwa amechoka kwa kazi ya shamba la mpunga huko Michenga, baba alianzisha rozari akiwa kitandani, nao waliitikia kila mtu chumbani kwake. Aliyesinzia aliitwa kwa jina juu ya ukuta.

Ilipobaki karatasi moja, ya kuziba uwazi uliokuwa juu ya ukuta wa chumba cha mama, mama akasimama mlangoni.

“Hiyo ikishapanda, sitawasikia tena.”

“Lakini mama, sisi tunaishi Morogoro mjini,” Fridolin akasema. “Hata sasa hutusikii.”

“Namsikia baba yenu.”

Digna akaweka kisu chini.

“Frido, ingia chumbani kwako.”

“Kuna nini?”

“We ingia tu.”

Fridolin akaingia kwenye chumba chake cha utotoni, sasa kimejaa magunia ya mpunga. Digna akaingia chake. Mama akakaa kitandani. Kisha Fridolin, kwa sauti nzito iliyofanana mno na ya baba yao, akasema:

“Salamu Maria, umejaa neema…”

Mama na Digna wakaitikia. Walipofika katikati, Fridolin akakatisha sala.

“Frido!” mama akaita juu ya ukuta. “Umelala?”

Fridolin akacheka huku machozi yakimtoka, akaendelea hadi mwisho.

Baadaye wakainua karatasi. Mama mwenyewe aliitegemeza kwa mpini wa jembe, Fridolin akikaza skrubu. Walipomaliza, mama aliangalia juu kwa muda mrefu.

“Baba yenu angesema pale mmepindisha,” akasema, akionyesha pembeni.

Wakaangalia. Kweli, palikuwa pamepinda.