Shaba Iliyokataa Maji

Mwongeli alilipima tena bomba la shaba kwenye sufuria mpya, kana kwamba sufuria ingemwonea huruma ikatanuka. Bomba lilikuwa limezungushwa kama springi kubwa, nalo lilikuwa pana mno. Halikuingia.

Ndani ya sufuria hiyo, juu ya gesi, maji matamu ya kimea ya kutengenezea bia yalikuwa yanachemka tayari. Yakiiva yangehitaji kupozwa upesi: bomba lizamishwe humo, maji baridi ya mfereji yapite ndani yake yaondoke na joto. Bia ya kwanza ilipoa polepole ikachacha. Waringa, rafiki yake wa chuo mwenye baa Westlands, aliitema mbele ya wateja. "Niletee nyingine," alisema. "Ikiharibika, kaunta yangu naipa bia ya yule mshindani wako, Mungai."

"Tulizungushe kwenye mtungi wa gesi ule mtupu," alisema Mutinda, mumewe. "Litatoka saizi kamili."

"Likijikunja maji hayapiti. Jaza mchanga mkavu ndani, uzibe ncha, ndiyo tulipashe moto lilainike."

"Sawa, mkubwa."

Walilipasha kwenye jiko la makaa nje ya mlango, wakaliacha lipoe, wakalizungusha wakihema. Lilikubali bila kukunjika hata mahali pamoja. Mwongeli alifungua ncha, akalitikisa ili mchanga umwagike. Haukumwagika. Alilipigapiga ukutani. Ikatoka chenga moja ya kahawia, na harufu ya ukoko.

"Mutinda. Uliweka nini humu?"

"Si mchanga ulinyeshewa jana? Nikatumia unga. Ni laini, bana, unajaa vizuri."

"Unga wa ugali?"

"Kwani kuna mwingine ndani ya nyumba?"

"Na bomba ulilikausha baada ya kulisuuza?"

Mutinda aligeuka kuangalia makaa.

Mwongeli alisukuma waya ndani ya bomba. Ulikwama kabla haujafika popote. Akafunga mpira wa mfereji kwenye ncha, akafungulia kwa nguvu zote. Mpira ulichomoka ukamlowesha kuanzia shingoni hadi magotini.

"Usicheke."

"Sijacheka."

"Meno yako nayaona!"

Maji ya kimea yalikuwa yameiva. Waliiteremsha sufuria ndani ya karai la maji; maji yale yakapata moto kama ya kuoga. Waliyabadilisha, yakapata moto tena, kisha mfereji ukakohoa, ukakauka. Mwongeli aligusa sufuria, akauondoa mkono haraka. Hivi hivi ndivyo ile ya kwanza ilivyochacha. Akachukua simu.

"Waringa, mpe Mungai kaunta."

"Wewe! Hata sijaonja! Kumetokea nini?"

"Ugali."

"Ati?"

"Muulize Mutinda siku mkikutana." Akakata.

Mutinda alikuwa amechuchumaa kando ya karai, kikombe mkononi. "Sasa hii yote tuifanyie nini, mama?"

"Kunywa."

Alionja. "Ni tamu kama uji."

"Basi maliza," alisema Mwongeli, akaingia ndani kubadilisha nguo.